Chuma Nacho Chastahili Kutazamwa

Wale waliopata kupanda meli pale Karema, katika miaka ambayo gati halikuwapo, hawana haja ya kuelezwa maana ya chuma kikubwa. Watu walikuwa wameketi ufukoni tangu alasiri, wamejitanda vitenge na mablanketi, magunia ya mchele na dagaa yamepangwa kando yao. Na honi iliposikika kutoka ziwani, usiku mwingi, waliinuka wote kwa pamoja, mitumbwi ikasukumwa majini. Kwa mbali Liemba ilionekana kama mshipi wa taa tu. Mtumbwi ulipokaribia, taa zile zilipanda juu zikapotea, na mbele ya macho ukabaki ukuta. Ukuta wa chuma, umejaa vichwa vya ribiti safu baada ya safu, ukipanda na kushuka polepole pamoja na mawimbi, na mwisho wake hauonekani kulia wala kushoto. Watoto waliokuwa wakilia walinyamaza. Hata wenye mitumbwi, ambao kazi yao ilikuwa hiyo kila safari, walipunguza sauti kwa kitambo, kabla ya makelele ya kugombea mlango kuanza.

Nimeanza na Karema kwa sababu ya mabishano niliyokuwa nayo na fundi mmoja wa kuchomelea hapa Mpanda. Tarehe 26 Machi 2024 alifariki huko Marekani mchongaji mashuhuri aitwaye Richard Serra, ambaye kwa zaidi ya miaka 50 alifanya kazi ya kusimamisha mabamba makubwa ya chuma katika majumba ya sanaa na viwanja vya miji. Nilikuwa na picha ya kazi yake moja katika simu, nikamwonyesha fundi. Akaitazama, akafuta mikono kwa tambara, akaitazama tena.

“Mwalimu,” akasema, “watu hutoa kiingilio kwenda kutazama bamba lisilofanya kazi yo yote?”

Nikamwambia hutoa, tena hupanga mstari. Akacheka sana, na vijana wake wakacheka naye.

Swali lake si la mtu mjinga, wala silo la kujibiwa kwa dharau kama wafanyavyo baadhi ya wasomi wetu, ambao wakishaliona jambo katika kitabu cha Ulaya hulisujudia kabla ya kulielewa. Katika mkoa huu chuma ni jembe, ni plau, ni fremu ya mlango, ni baiskeli. Chuma kisichofanya kazi hupelekwa mizanini kikauzwa kwa kilo. Kwa hiyo ni haki ya fundi kuuliza kazi ya bamba ni nini.

Serra alizaliwa San Francisco mwaka 1938. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba katika kiwanda cha kuunda meli, na mtoto alipokuwa na umri wa miaka 4 alipelekwa kutazama meli ikishushwa majini. Alisimulia mara nyingi baadaye jinsi alivyoliona lile dude zito likiteleza, likazama kidogo, kisha likainuka na kuelea kama kwamba halina uzito wo wote. Na akakiri kwamba katika kumbukumbu hiyo moja mlikuwamo kila alichohitaji kwa kazi ya maisha yake. Alipokuwa mwanafunzi alifanya kibarua katika viwanda vya chuma ili apate kujilipia masomo. Basi huyu hakuwa bwana wa mikono laini aliyeletewa chuma na watumishi. Na mtoto yule wa San Francisco na mtoto wa Karema aliyenyamaza mtumbwini, kwa maoni yangu, waliona jambo moja.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ndani ya nyumba iko katika mji wa Bilbao, kaskazini ya Hispania, katika jumba la sanaa la Guggenheim lililofunguliwa mwaka 1997. Ukumbi wenyewe una urefu wa mita 130 hivi. Ndani yake, tangu mwaka 2005, zimesimama sanamu 8 za mabamba yaliyokunjwa, kila bamba likiwa na unene wa sentimeta 5 na kimo cha zaidi ya mara mbili ya mtu mzima. Uzito wa zote pamoja wapita tani 1,000. Sanamu hizi hazina uso wala mkono. Hazimwonyeshi mfalme wala askari. Ni kuta zilizopinda na kuinama, na baina yake mna njia, na mtazamaji huingia ndani ya njia hizo kwa miguu yake. Ukuta wa kushoto humwegemea, wa kulia humkimbia. Hatua chache mbele mambo hugeuka, wa kulia ndio umwegemeao. Njia hubana mpaka mtu akainamisha bega bila kuamriwa, kisha ghafula hufunguka akajikuta katika uwanja wa duara, peke yake, na sauti ya viatu vyake yamrudia kutoka kila upande.

Mimi sikufika Bilbao. Niyasemayo nimeyasoma, na kuyasikia kwa waliofika, nao wote huafikiana katika neno moja: kwamba picha haisaidii. Picha huonyesha bati lenye kutu. Jambo lenyewe ni la mwili. Mtu hupima uzito wa tani 100 kwa ngozi yake na kwa pumzi yake, kama vile abiria wa Karema alivyoupima ubavu wa Liemba kwa kukaa chini yake ndani ya mtumbwi mdogo. Hiyo ndiyo sababu vitu hivi havielezeki kwa mtu aliyeketi nyumbani, na ndiyo sababu fundi wangu alicheka.

Alipokwisha kucheka aliuliza swali la pili, na hili lilikuwa la fundi hasa. “Zimechomelewa wapi?”

Nikamjibu kwamba hazikuchomelewa sakafuni wala kufungwa kwa bolti. Zimesimama kwa mpindo wake zenyewe. Akanyamaza. Akaenda kwenye kona ya karakana, akachukua kipande cha bati nyembamba, akakisimamisha kwa ukingo wake juu ya meza. Kikaanguka. Akakikunja kidogo kwa viganja, akakisimamisha tena. Kikasimama. Akakiinamisha upande mmoja, kikasimama bado. “Lakini kwa sentimeta 5,” akasema polepole, “mashine ya kukunja itakuwa kubwa namna gani?” Hakucheka tena siku hiyo. Aliuliza pia habari za kutu, nami nikamwambia kwamba chuma kile huchanganywa na shaba kidogo na madini mengine, hata kutu yake ikawa ngozi ngumu inayozuia kutu nyingine isiingie ndani. Hilo alilikubali mara moja, maana kila mtu wa kazi yake hupigana na kutu maisha yote, na habari ya kutu iliyogeuzwa kuwa mlinzi ni habari njema.

Twende sasa kwenye jambo la nyumba. Kwa nini kitu kikubwa hivi kiwekwe chini ya paa, katika ukumbi mtupu, mahali ambapo mtu hukifuata kwa hiari yake? Serra mwenyewe aliwekwa katika mtihani wa swali hili. Mwaka 1981 alisimamisha katika uwanja mmoja wa ofisi za Serikali mjini New York bamba lenye urefu wa mita 36 na zaidi, na kimo cha mita 3 na nusu na ushei, likikata uwanja ule katikati. Makarani waliopita hapo kila siku walilalamika kwamba limewafungia njia, na kwamba uwanja si wao tena. Mambo yakafika mahakamani, na usiku mmoja wa mwaka 1989 likakatwa vipande likaondolewa. Wapenzi wa sanaa walilia sana. Mimi kwa upande wangu siwalaumu wale makarani kama walivyolaumiwa. Mtu akienda kazini asubuhi hana wajibu wa kuzunguka bamba ambalo hakulitaka wala hakuulizwa. Ukumbini ni habari nyingine: pale mtu ameingia kwa miguu yake kuja kutazama, na sakafu imeachwa wazi ili kitu kisishindane na gari wala mkokoteni.

Wazee wetu wa huku walilijua jambo hili kabla ya majumba hayo kujengwa. Jina la mkoa wetu lenyewe latokana na Katabi, mwindaji wa hadithi ambaye husemwa kwamba roho yake hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi. Na wapo waufuatao mti ule hata leo kwa utulivu na sadaka. Hakuna apitaye pale kwa bahati mbaya akakasirika kwamba amezuiliwa njia. Huendewa.

Na kwa habari ya chuma hasa, jirani zetu wa Ufipa walikuwa na mambo makubwa kuliko tunavyofundisha shuleni. Mtu akitoka Mpanda akapita Sitalike na kuendelea kusini mpaka nyanda za juu, aweza kuonyeshwa matanuri ya zamani ya kuyeyushia mtapo, yaitwayo malungu. Tanuri moja, ilungu, lilijengwa kwa mabonge ya udongo wa kichuguu hata kufikia kimo cha mita 3 hivi. Chini lilizungushwa matundu, na katika matundu iliingizwa mirija ya udongo. Makaa na mtapo vilipangwa ndani tabaka kwa tabaka. Moto ukishawashwa, kimo cha tanuri chenyewe kilivuta hewa, bila mtu kupuliza mivuo. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivuo ilipofanya kazi, hata likapatikana donge la kufuliwa jembe.

Lakini Wafipa hawakuliona tanuri kuwa chombo tu. Walilihesabu kuwa bibi arusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na bingwa wa kazi alikuja na kikapu chake cha dawa. Na wale waliolihudumia walitengana na wake zao mpaka kazi ikamalizika. Sisemi kwamba turudie miiko hiyo. Nasema kwamba hapo palikuwa na watu waliokizunguka kitu kikubwa kwa miguu, wakakipa nafasi na heshima, nao walijua vema kwamba ndicho kiwapacho jembe. Kazi na utazamaji havikugombana.

Nilipata kusimama mbele ya ilungu moja lililobaki. Ubavu wake mmoja umebomoka, na kwa tundu hilo mtu mwembamba aweza kujipenyeza ndani. Nilijipenyeza. Ndani kuta zimeungua zikawa kama kioo kilichoyeyuka, rangi ya kijani na weusi, na ukiinua kichwa waona duara la mbingu. Pembeni nyasi zimefunika mavi ya chuma, ambayo ni mazito mkononi kuliko jiwe. Nilikaa humo labda dakika 10. Mchunga ng’ombe mmoja aliyekuwa akipita alisimama akanitazama kwa mashaka, na kwa kweli sikuwa na maelezo ya kumpa.

Uyeyushaji huo ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya Ulaya yalipoenea masokoni kwa bei nafuu. Huko Buhaya, katika miaka ya 1970, wazee walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu, na ujuzi wao ukaandikwa ukasomwa duniani kote. Malungu mengi yangali yananyeshewa na mvua, na udongo, hata ulioungua, hauvumilii mvua milele.

Sasa niseme habari za Mpanda yenyewe. Mji huu ulikuzwa na madini na reli. Risasi ilichimbwa hapa na kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo. Na kwa ajili ya risasi hiyo ilijengwa njia ya reli kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi kupitia misitu ya miombo, ikawa tayari kufikia mwaka 1950. Miaka 10 baadaye mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na garimoshi laja hata leo. Bilbao nao ni mji wa mtapo. Milima yake ililisha viwanda vya Uingereza kwa chuma katika karne ya 19, kisha viwanda na karakana za meli zikafungwa, kikubwa chao cha mwisho mwaka 1996. Tofauti ni kwamba wao, walipofungiwa viwanda, walijenga nyumba penye kingo za mto zilizoachwa na kazi hizo, wakaweka chuma ndani, na sasa watu hutoka pande zote za dunia kuja kukitazama.

Hapana anayedai kwamba Mpanda ijenge Guggenheim. Fedha hizo hatuna, na kama tungekuwa nazo, zahanati zingekuja kwanza. Lakini chuma tunacho, au tulikuwa nacho. Katika mji mmoja wa kanda hii, ambao sitautaja, palikuwa na tangi la maji la zamani, la duara, limeungwa kwa ribiti, kimo chake kama nyumba ya ghorofa moja. Lilikuwa tupu kwa miaka mingi. Watoto waliingia kwa tundu la chini, wakapiga kelele humo ili wasikie sauti zao zikizunguka. Mimi nami niliingia, nikiwa mtu mzima, nikaimba, nikatoka nimeona haya. Mwaka mmoja nilirudi nikakuta duara jeusi la mafuta ardhini. Tangi limekatwa kwa moto wa gesi, vipande vikapakiwa loriwa, vikaenda kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.

Mtu asije akadhani nawachukia wenye mizani. Biashara ya vyuma chakavu inawalisha vijana wengi, na chuma kinachoyeyushwa upya ni mtapo usiochimbwa. Yuko hata mchongaji wa Kenya, Kioko Mwitiki, aliyejipatia jina kwa kuunganisha vyuma chakavu hata vikawa tembo wa kimo cha tembo. Ninalolisema ni kwamba mizani hujua swali moja tu, nalo ni kilo ngapi. Na tangi la ribiti lililounganishwa kwa mikono, nyundo moja ndani na nyundo moja nje, haliwezi kujibu swali hilo kwa faida yake. Lazima awepo mwingine wa kuuliza swali jingine kabla lori halijafika.

Liemba imeponea chupuchupu mara nyingi kwa namna hiyo hiyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika maelfu ya makasha mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi wake walizipaka mashine grisi kwanza, maana mhunzi wa kweli hapendi kuua kazi yake. Ikakaa chini ya maji, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya, ambalo ni jina la zamani la ziwa. Sasa Karema imejengewa bandari, na mtoto wa leo ataingia melini kwa kukanyaga gati, mikono mfukoni. Ni maendeleo, nayafurahia; mama yangu mmoja wa ukoo nusura azame pale. Ila mtoto huyo hataujua tena ule ukuta.

Ndiyo maana naomba jambo dogo. Halmashauri zetu zina maghala makuukuu, na watu wa reli wanayo pia. Ghala moja lenye paa zima na sakafu tupu lingetosha. Ndani yake kiwekwe kitu kimoja au viwili tu, visiwe vingi: gurudumu la mashine ya mgodini kama lingalipo, kipande cha reli na mataruma yake, pangilio la ribiti la tangi au la boti, na kwa ruhusa ya wenyewe wa Ufipa, tanuri moja lijengwe kwa kimo chake kamili na wale ambao babu zao walilijua. Pasiwepo kamba za kuzuia watu. Wanafunzi waingie, wazunguke, wapige kwa ngumi wasikie mlio. Tena wapewe nafasi mafundi wa kuchomelea wa mji huu wasimamishe humo kitu chao kimoja kila mwaka, ambacho hakitauzwa wala kufungwa mlangoni kwa mtu.

Nilimweleza fundi mpango huu. Hakusema ndiyo wala siyo. Alinichukua nyuma ya karakana, akaondoa turubai. Chini yake palikuwa na kifuniko cha chuma cha duara, upana wake kama meza ya watu sita, ribiti zimekizunguka pembeni zote. Akaniambia kwamba katika kulikata lile tangi yeye alikuwa mmojawapo wa walioshika moto, kwa kuwa kazi ni kazi, na kwamba kifuniko hiki alikatwa thamani yake katika ujira wake. Ni miaka 4 sasa. Wateja 3 wamekitaka. Nikamuuliza atakifanyia nini.

“Bado nakitazama,” akasema, akakirudishia turubai lake.